Pua ya Mukankusi

Mukankusi alikuwa hanunui kitu kabla hajakinusa. Maziwa yaliyoshuka kutoka Mudende aliyanusa, akanusa na kibuyu chake, kisha akasogeza uso akamnusa na mtu aliyeyaleta. Chumvi aliinusa, na chumvi haina harufu. Wanawake wauza samaki wa ziwani walipomwona anateremka walikuwa wakiambizana, "Bibi Pua huyo, funika za jana," naye aliwasikia, maana masikio yake na pua yake walikuwa ndugu wa tumbo moja. Hakukasirika. Alisema kama hakungekuwa na samaki wa jana, hakungekuwa na Bibi Pua.

Alizaliwa huko huko ufukoni, binti wa mvuvi aliyeitwa Ruhara. Akiwa msichana akaolewa mtaa wa Mbugangari, mjini Gisenyi, na Kadiri, fundi wa kushona, Mwislamu ambaye babu yake alikuja na biashara kutoka Ujiji, akaona ziwa, akakaa. Kwa Kadiri alipata dini, alipata Kiswahili, akapata na neno moja ambalo mumewe alilisema kila alipokagua pindo: kikulacho ki nguoni mwako. Kadiri alilisema kama fundi, akiwa na maana ya sindano iliyosahauliwa ndani ya mshono. Mukankusi akalichukua neno lile akalipanua. Kwake kila mtu alikuwa pindo, na ndani ya kila pindo mlikuwa na sindano.

Kusoma alijua jina lake na tarakimu, basi. Vilivyobaki alivisoma kwa pua.

Kadiri alipofariki aliacha mashine tatu za kushona. Ndugu walikuja na mashauri yao, wakala ubwabwa, wakaondoka na mashauri yao. Mukankusi akauza mashine mbili, akabakiza ile aliyoipenda marehemu, na kwa zile mbili akanunua kamioneti ya kijani kutoka kwa Mgiriki mmoja wa Goma aliyekuwa anahama. Mtaa mzima ulicheka. Mwanamke na gari!

"Mulicheka vilevile Kadiri alipoleta mashine ya kwanza," aliwaambia. "Na hiyo kaptula munavaa leo, ilishonwa na kucha?"

Kamioneti ilimfanya mtu. Ilipanda Mudende ikateremsha viazi, ilipeleka watu Nyundo kwenye misa ya Jumapili ingawa mwenyewe anaswali Ijumaa, na ilipopita barabarani watoto waliimba jina lake. Dereva alikuwa Faradji, mtoto wa mdogo wake Kadiri, mtu mzima mwenye mke, mpole, mwenye tabia moja mbaya ya kupiga mluzi. Alimwita Mukankusi Mama Mukubwa, naye Mukankusi alimpenda, lakini kila jioni alinusa kiti cha dereva.

Jambo moja tu lilimtisha: kontrole. Kila mwaka alikuja mzungu wa kukagua magari, yakapangwa uwanjani chini ya ofisi ya teritwari, boma la serikali, akatazama taa, honi, magurudumu na feri, yaani ile breki. Gari iliyoshinda ilipata karatasi yenye muhuri. Iliyoshindwa iling'olewa namba kwa koleo, mbele ya watu, na bila namba haigusi barabara mpaka mzungu arudi mwaka unaofuata. Gari ya jirani mmoja, Hitimana, iling'olewa namba mwaka wa hamsini na tano. Mwaka wa hamsini na sita kuku walikuwa wanatagia kwenye usukani wake. Mukankusi hakupita nyumba ile bila kugeuza uso.

Basi wiki tatu kabla ya kontrole ya hamsini na sita, akamwita Straton Habimana, fundi wa magari aliyejifunza kazi kwenye karakana ya misheni. Straton akainama, akafungua, akafunga, akasema gari iko muzima, feri tu inataka kuongezewa mafuta yake. Kesho yake akaja na chupa ya pombe iliyozibwa kwa kitambaa.

"Mama, hii njo mafuta ya feri."

"Kwa nini iko mu chupa ya pombe?"

"Niliitoa mu kopo kubwa. Tulinunua kopo moja watu wane."

"Watu wane. Na hiyo kopo iko wapi?"

"Iko Goma, kwa mwenzangu."

"Bon," akasema Mukankusi. "Iko mbali."

Straton akafunua ubao ulio chini ya miguu ya dereva, akafungua kizibo cha kikopo kidogo cha chuma, akaongeza mafuta kiasi cha vijiko viwili. Alipotaka kuondoka na chupa, Mukankusi akaishika shingo.

"Hii inabaki. Mutu hanunui kuku akamwachia muuzaji mapaja."

Straton akacheka, akaiacha. Kule kucheka nako Mukankusi alikuweka akilini.

Mchana ule ule akaenda nyuma ya nyumba, akatoa kitambaa, akanusa chupa. Akanusa tena, akitaka pua yake imwambie kwamba imekosea. Pua haikutaka. Ilikuwa mbarika! Ikibonobono yenyewe, ile inayoota kwenye majalala, ambayo mama yake aliikaanga na kuisaga akapaka ngozi za mbuzi, akapaka vichwa vya watoto, akawashia taa. Ujana wake wote ulikuwa unanuka mafuta yale. Asiyajue? Mtu amchukulie mafuta ya kichwa cha mtoto, amtilie ndani ya gari, amwambie ni dawa ya wazungu!

Mwanamke mwingine angepiga kelele. Mukankusi hakupiga. Mwizi akisikia kelele anakimbia, lakini akisikia kimya anarudi kuchukua kilichobaki. Akangoja Ijumaa. Wanaume walipokwenda msikitini, Faradji pamoja nao, alijifungia uani na kamioneti. Akafunua ule ubao, akafungua kile kizibo, akachovya vitambaa vya marekani mpaka kikopo kikakauka. Kisha akaleta kikopo cha Kadiri chenye mdomo mrefu, akatia mafuta ya mashine ya kushona, meupe kama maji ya mvua, yasiyonuka chochote, yaliyotoka Ulaya kwa meli. Gari si mashine? Na mashine hainywi mafuta ya mashine?

Chupa ya Straton akaizungushia kanzu ya Ijumaa ya marehemu, akaifungia sandukuni. Ile ilikuwa shahidi. Kontrole ikishapita, gari ikishapata muhuri kwa mafuta yake mwenyewe, angeitoa mbele ya mtaa, amwambie Straton: nusa.

Siku za kwanza gari ilikwenda vizuri, naye akatembea kidevu juu. Wiki ya pili Faradji alisema feri inakuwa nzito kidogo. Mukankusi alimwambia nzito ni mguu wake.

Jumatatu ya wiki ya kontrole, wakati wa alasiri, Faradji alirudi kutoka Nyundo kwa mwendo wa maiti. Gurudumu la nyuma la kushoto lilikuwa linatoa moshi.

"Mama Mukubwa, feri inashika haiachi. Nikikanyaga, gari inasimama. Nikitoa mguu, inaendelea kusimama. Niliikalia pembeni mpaka ikapoa, ikaniachia, nikakanyaga, ikashika tena. Abiria wametembea."

"Wametembea na miguu yao?"

"Na ya nani tena?"

Mukankusi akainama akanusa gurudumu. Likanuka pembe ya ng'ombe inayoungua. Akasimama, akamsogelea Faradji, akamnusa yeye.

"Mafuta ya kichwa. Umebeba nani mbele?"

"Padri, Mama Mukubwa. Padri muzee."

"Padri anapaka yasmini?"

"Hiyo yasmini ni ya muke wangu! We mwenyewe ulimununulia Idi!"

"Nilimununulia kidogo. Hii inanuka nyingi." Akamtazama miguuni. "Unaweka mguu juu ya feri kila wakati, kama mutu anakanyaga nyoka. Umeichosha."

"Mi niko na miguu kama ya mwaka jana. Mwaka jana feri haikushika."

Jibu hilo lilikuwa zuri mno, na jibu zuri mno Mukankusi aliliogopa kuliko baya. Lete ufunguo, akasema. Faradji akautoa mfukoni, akamwekea mkononi, wala hakupiga mluzi alipotoka. Hilo nalo akaliweka akilini.

Asubuhi ya Jumanne alizunguka ua. Kamioneti ililala kando ya ua wa miti, na upande wa pili wa ua ule alikaa Munyaneza. Huyu naye alikuwa na kamioneti, ya bluu, ya aina moja na ya Mukankusi, na njia zao zilikuwa zilezile na abiria walewale. Kijani ikikosa namba, bluu itabeba Nyundo peke yake. Tena Jumamosi Mukankusi alimkuta ameegemea miti, anaangalia gari yake kama mtu anayeangalia mke wa jirani. Alipoulizwa anatafuta nini, alijibu: kuku.

Kuku gani? Munyaneza alifuga bata.

Mukankusi akachukua ndoo ingawa mtungi ulikuwa umejaa, akaenda kwenye bomba la mtaa saa ya wanawake wengi. Hakusema mengi. Alisema gari yake imeugua ghafla, alisema ugonjwa wa ghafla una mikono, alisema mikono hiyo iko na kamioneti ya bluu na tumbo kubwa. Kufika adhuhuri Mbugangari yote ilijua. Kufika alasiri sauti ya Munyaneza ilitoka nyuma ya miti, ikimwita mke wa Kadiri.

"Muka-Kadiri! Nasikia nimeroga gari yako."

"Mi sikutaja jina."

"Ulitaja kamioneti ya bluu na tumbo kubwa! Mu huu mutaa tuko wangapi?"

"Tumbo ni yako. Mi niliitaja tu."

"Mukecuru," Munyaneza akasema, yaani bibi mzee, na sauti yake haikuwa na mzaha tena, "abiria wangu wawili wameshuka leo. Wanasema hawapandi gari ya murozi. Angalia kinywa yako."

"Nawe angalia kuku yako," Mukankusi akajibu, akaingia ndani.

Lakini ndani hakukaa vizuri. Siku ilibaki moja. Alijiona amesimama uwanjani, mzungu anashika koleo, namba aliyoing'arisha kwa majivu kila Alhamisi inatoka kama jino. Alimwona kuku wa kwanza akiruka juu ya usukani. Mashine mbili za Kadiri zilikuwa zimegeuka gari. Gari ikigeuka kiota, Kadiri atakuwa amekufa mara ya pili. Ikabidi amwite Straton, mwizi asiyejua kwamba anajulikana.

Jumatano, jua lilipotoka tu, Straton alikuja. Alitaka kuipeleka gari kwake. Mukankusi alikataa.

"Hapahapa. Mbele ya macho yangu."

Akaleta kigoda, akakaa hatua mbili kutoka mikono ya fundi. Faradji aliitwa ashike jeki, akaja na uso uliofungwa. Straton akatoa gurudumu, akatoa bakuli zito la chuma linalofunika feri, akachomoa kitu kidogo kama kidole gumba. Ndani yake mlikuwa na kimpira. Akakitoa kwa shida, akakiweka kiganjani. Kimpira kilikuwa kimevimba, laini, kimelegea kama mkate uliosahauliwa ndani ya chai.

Akafungua gurudumu la pili. Mkate vilevile. Akafunua ubao wa miguu ya dereva, akachimba na kule. Vilevile.

"Ayiwe," akasema Straton.

"Nini?" akauliza Mukankusi. "Sema. Iko mikono ya mutu?"

"Iko mikono ya mutu, Mama. Hii mipira imekunywa mafuta haiko yake. Mupira ya feri iko kama mutoto muchanga, ananyonya mama yake tu. Ukimupa petroli, mafuta ya moteri, mafuta ya mashine, anavimba. Akivimba, ukikanyaga anaenda, ukiachia hawezi kurudi. Njo feri inashika."

"Mafuta ya mashine?" sauti ya Mukankusi ilitoka ndogo.

"Yote ya namna hiyo." Straton akachovya kidole ndani ya kile kikopo cha chuma, akakileta puani. Mukankusi alimtazama mtu mwingine akinusa, akahisi kama mtu amemvalia nguo yake. "Hii hainuki kitu. Yangu inanuka. Ile mafuta ya feri wanaitengeneza na ikibonobono, wanachanganya na alkoli. Ukifungua kopo unasema uko mu nyumba ya bibi yangu."

Upande wa pili wa miti bata wa Munyaneza walikuwa wanabishana.

"Wazungu," akasema Mukankusi, "wanatia ikibonobono mu gari?"

"Ee. Mi nilicheka sana siku ya kwanza."

Faradji akaweka jeki chini. Akasimama mbele ya mama yake mkubwa, mikono imejaa vumbi la feri.

"Donc kuna mutu amebadirisha mafuta. Bon. Tangu Jumatatu unaninusa kama mbwa ananusa muguu ya meza. Ufunguo umechukua. Muke wangu anauliza mi nimeiba nini. Twende kwa shehe leo. Mi naapa, Munyaneza anaapa, Straton anaapa kwa Biblia yake."

"Naapa hata saa hii," akasema Straton.

"Lakini unajua desturi, Mama Mukubwa. Mwenye kushitaki njo anaanza. Anaapa kwanza mukono yake haimo."

Ndivyo ilivyokuwa Mbugangari. Mtu hawezi kuapisha watu kama hajaapa yeye. Mukankusi mwenyewe aliishikia bango desturi ile zamani, akawafukuza kutoka kwa shehe washitaki watatu waliosita. Na tangu aliposhika dini hajawahi kuapa uongo, hata kwa jambo dogo la yai.

"Na hata mukiapa," akasema Straton akipangusa mikono, "mipira mipya haiko. Goma haiko, niliuliza wiki iliyopita. Itoke Bukavu na mashua, ifike Jumapili. Kontrole ni kesho. Mu Gisenyi yote mutu mumoja iko nayo, alinunua ya akiba."

"Nani?"

Straton aligeuka. Alielekeza kidevu kwenye ua wa miti.

Mukankusi aliinuka, akaingia chumbani, akafunga mlango, akafungua sanduku. Chupa ilikuwa imelala ndani ya kanzu kama mtoto. Akakaa kitandani nayo mapajani. Choo kilikuwa nyuma ya nyumba, hatua kumi na mbili. Akiimwaga humo, nani atajua? Straton ataondoka, Faradji ataondoka, Munyaneza atabaki murozi, na yeye atabaki na pua yake isiyokosea. Na kesho atabaki bila namba.

Aliitoa ile chupa kwenye kanzu. Kwa mazoea akainusa. Mama yake, ngozi za mbuzi, taa. Pua haikukosea hata kidogo. Ilikuwa ikibonobono kweli. Aliyekosea alikuwa mtu aliye nyuma ya pua.

Akatoka nje, akaisimamisha chupa juu ya kigoda.

"Straton. Hii inatosha?"

Straton akaitambua kwa kitambaa chake. "Hii njo chupa yangu! Imejaa vilevile! Mama, basi mu gari mulitia nini?"

"Mafuta ya mashine. Ya Kadiri. Haiko ya hovyo, inatoka Ulaya."

Faradji alifungua kinywa. Kikatoka kipande cha mluzi, akakifunga.

"Nilinusa ikibonobono," Mukankusi akaendelea, akiwatazama mmoja mmoja kama wao ndio wanaoungama, "nikasema huyu mutu ananiibia. Chupa ya pombe, kopo iko Goma, mwenzake iko Goma. We ungesema nini?"

"Ningeuliza, Mama."

"Kumuuliza mwizi kama ameiba?"

Straton akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakalia gurudumu, akacheka mpaka machozi yakamchora uso wenye masizi.

"Na sasa, Mama? Mi siko mwizi tena?"

"Kwa hii chupa, hapana. Zingine sijanusa bado."

Akautoa ufunguo kwenye pindo la kitenge chake, akamrushia Faradji. Faradji akaudaka. Akangoja neno. Neno halikuja, lakini Mukankusi alikuwa ameshika njia ya geti, na Faradji aliyemjua tangu utoto alielewa kwamba neno linakwenda kulipwa mahali pengine, kwa bei kubwa zaidi.

Munyaneza alikuwa anakula viazi na samaki. Hakusimama.

"Mipira ya feri," akasema Mukankusi kutoka mlangoni. "Straton anasema iko kwako."

"Iko. Nilinunua yangu ikichakaa. Lakini mi ni murozi, Muka-Kadiri. Mipira ya murozi unaiweka mu gari ya nini?"

"Hukugusa gari yangu. Nimejua."

"Mi nilijua tangu zamani. Nani alikugusia?"

Mukankusi akatazama samaki. Walikuwa wa leo, hakuna cha kusema juu yao. "Mi mwenyewe."

Munyaneza akaacha kutafuna. Kisha akanawa mikono taratibu, kidole kwa kidole, kama mtu aliyepata sikukuu asiyotaka iishe.

"Si we njo unasema kila siku, kinachokukula kiko mu nguo yako? Leo nguo ilikuwa ya nani? Sikia, mukecuru. Mipira nakupa. Lakini jina yangu ulilimwaga pale bomba. Uende uliokote palepale, na kinywa ileile."

"Nitakwenda kesho, kontrole ikiisha."

"Kesho utakuwa na muhuri. Mutu mwenye muhuri anasahau. Sasa hivi."

Walikwenda, yeye mbele, Munyaneza nyuma na mipira mfukoni. Pale bomba wanawake walikuwa wamejipanga na ndoo zao, na Donatille muuza samaki alikuwa wa kwanza kuwaona. Maji yakabaki yakizungumza peke yake.

"Sikilizeni," akasema Mukankusi. "Munyaneza hakugusa gari yangu. Aliyegusa ni mwanamuke mumoja wa Mbugangari, alidanganywa na pua. Sitaji jina."

"Taja," akasema Munyaneza nyuma yake.

"Jana sikutaja, na leo sitaji. Ni haki."

"Jana hukutaja, na wote walijua. Leo taja, nione kama watajua zaidi."

Donatille akaweka ndoo chini. "Bibi, huyo mwanamuke tunamujua?"

Mukankusi akainua kidevu. Jua lilikuwa limepinda, na huko uani gari ilikuwa juu ya mawe, bila magurudumu, inangoja. Akaona kuku juu ya usukani.

"Mukankusi," akasema kwa sauti ya kufika mpaka ziwani. "Binti ya Ruhara, muka-Kadiri fundi wa nguo. Alitia mafuta ya mashine ya kushona mu feri, kwa mikono yake, siku ya Ijumaa, watu wakiswali. Munyaneza haimo. Faradji haimo. Straton haimo. Mumeshiba?" Akageuka, akanyoosha mkono. "Lete mipira."

Hakuna aliyecheka mpaka alipokunja kona. Baadaye walicheka siku tatu.

Straton aliosha mirija yote kwa alkoli, akavisha mipira mipya, akatia ikibonobono ya wazungu, akamwambia Faradji akanyage, aachie, akanyage, mpaka mapovu yakaisha. Magharibi ilipoadhiniwa gurudumu la mwisho lilikuwa limerudi.

Alhamisi magari yalipangwa uwanjani, kijani nyuma ya bluu. Mzungu wa kontrole alikuwa mwembamba, na kofia iliyomzidi. Alimwambia Faradji ateremke na gari kwenye mteremko na akanyage. Gari ikasimama kama ukuta. Mukankusi, kando ya uwanja, hakupumua, maana kusimama haikuwa shida, shida ilikuwa kuachia. Faradji akatoa mguu. Kamioneti ikatulia kidogo, kisha ikajiteremkia yenyewe, polepole, bila kung'ang'ania. Mzungu akaweka kiganja kwenye gurudumu la nyuma la kushoto. Lilikuwa baridi. Halafu akafunua ubao wa miguu, akafungua kizibo, akainama, akanusa.

"Bon," akasema, akapiga muhuri.

Mukankusi alikuwa ameona. Mzungu naye ananusa! Tangu siku ile alimsifu mzungu yule kuliko wote waliopita Gisenyi, akisema angalau yeye alikuwa na akili.

Straton alipokuja kuchukua vyombo vyake, alimkuta mlangoni amenyoosha kiganja.

"Mipira yangu ya zamani iko wapi?"

"Mama, imeoza! Utaifanyia nini?"

"Na we ulitaka kuifanyia nini?"

Akaipata yote. Akaitia kwenye kopo la vifungo la Kadiri, juu ya kabati. Na miaka iliyofuata, kila alipoanza kusema kwamba mtu fulani amemfanyia jambo fulani, sitaji jina, Faradji alikuwa anainuka, analichukua lile kopo, analitikisa mara moja. Mukankusi aliiacha habari hiyo hapo. Kisha alimwambia alete hapa hilo kopo, akalifungua mwenyewe, akahesabu kama mipira yote bado imo.